Kitabu Kilichomshinda Aliyekikana: Kisa cha Mchapishaji wa Leipzig, 1921–1933

Kisa chenyewe, na mipaka yake

Julai 1927 magazeti ya Marekani yalichapisha barua ya Henry Ford, mtengenezaji wa magari. Aliwaomba radhi Wayahudi kwa makala za kuwashambulia ambazo gazeti lake lilikuwa likizitoa kwa vipindi tangu 1920, na akaahidi kwamba vitabu vilivyotokana na makala hizo vitaondolewa sokoni, ndani ya nchi na ng'ambo. Mjini Leipzig, Ujerumani, kulikuwa na mchapishaji aliyekuwa akiuza tafsiri ya Kijerumani ya kazi hiyohiyo. Hakuiondoa. Alipofariki mwaka 1933 tafsiri ile ilikuwa inakaribia chapa ya 30.

Kisa hiki kinamfaa yeyote anayefanya kazi ya uhariri, uchapishaji au kufuatilia uongo unaosambazwa, kwa sababu kinaonyesha jambo ambalo wengi hatupendi kulikubali: mwenye jina akikana, bidhaa inaweza kuendelea kuuzwa kwa jina lake hilohilo, tena kwa faida.

Wasomaji, makarani, mawakala na wachapaji waliopita katika kisa hiki sikuwataja. Waliobaki ni watu ambao kazi zao zilifanyika hadharani. Ford na Theodor Fritsch, mchapishaji wa Leipzig, siwezi kuwaficha, maana jina ndilo lililokuwa likiuzwa. Maneno ya chuki nimeyanukuu pale tu ambapo bila hayo mbinu haionekani.

Usuli: fundi wa vinu

Fritsch alizaliwa Saxony mwaka 1852. Alisomea ufundi wa vinu vya kusaga nafaka Berlin, kisha akahamia Leipzig na kufungua ofisi ya ushauri kwa wenye vinu. Akaanzisha na jarida la fani hiyo. Wateja wake walikuwa wasagaji wadogo, watu wenye kinu kimoja kando ya mto, wakati ambapo viwanda vikubwa vilikuwa vikiwanyang'anya kazi. Fritsch aliwajua vizuri: malalamiko yao, deni lao, hasira yao kwa benki na madalali wa nafaka. Shule yake ya uchapishaji ilikuwa hapo. Alijifunza kumwandikia mtu anayehisi anazama na ambaye hajui nani anamvuta mguu.

Mwaka 1887, kwa jina la bandia, alitoa kijitabu cha maswali na majibu dhidi ya Wayahudi, kikiwa na umbo la katekisimu. Mtu aliyelelewa kanisani analifahamu umbo hilo: swali fupi, jibu fupi, unakariri. Baadaye kilikua kikawa kitabu kinene cha mwongozo, na mwaka 1907 kikabadilishwa jina. Ndani yake mlikuwa na vichwa vilivyopangwa, madondoo ya watu mashuhuri wa kale waliowasema Wayahudi vibaya, na orodha. Ukikishika unaona mara moja kwamba hakikuandikwa ili mtu akisome mwanzo hadi mwisho. Kilikuwa cha kutafutia. Msemaji wa mkutano wa kijiji alifungua kichwa anachokitaka, akachukua dondoo tatu, akapanda jukwaani.

Mtu huyu hakuwa mjinga, na ni vizuri kulisema hilo mapema. Mwaka 1896 alitoa kitabu kuhusu mji wa baadaye wenye bustani na maeneo yaliyopangwa, miaka miwili kabla ya Mwingereza Ebenezer Howard, ambaye ndiye dunia inamkumbuka kwa wazo hilo. Wanaodhani propaganda ya chuki hutoka kwa watu wasiosoma wamtazame Fritsch.

Mwaka 1902 alianzisha jarida lililoitwa Hammer, yaani Nyundo, na nyumba ya uchapishaji ya jina hilo. Wasomaji wa jarida walihimizwa kuunda vikundi katika miji yao. Mwaka 1912 vikundi hivyo vikaunganishwa kuwa chama kimoja, lakini wanachama wake walikuwa mamia machache tu, wakati vyama vya kisiasa vya kuwapinga Wayahudi navyo vilikuwa vikipungukiwa na viti bungeni. Kwa hiyo kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, baada ya miaka 25 ya kuchapa, Fritsch alikuwa mzee wa kikundi kidogo chenye kelele. Wayahudi wa Ujerumani hawakufika hata asilimia moja ya wananchi.

Vita ndivyo vilivyobadili soko. Mwaka 1916 jeshi liliamuru Wayahudi wahesabiwe, ili ijulikane kama wanakwepa mstari wa mbele. Matokeo hayakutangazwa. Kimya hicho kikawa na thamani kuliko takwimu yoyote, kwa sababu kila mwenye nia mbaya alikijaza alivyotaka. Ukweli ni kwamba Wayahudi wapatao 100,000 walivaa sare ya Ujerumani na 12,000 hivi walikufa. Nchi iliposhindwa mwaka 1918, maelfu ya watu walitaka kusikia kwamba haikushindwa bali ilisalitiwa.

Mwaka 1919 makundi ya wazalendo wa damu, waliodai kwamba Ujerumani ni ya wenye damu ya Kijerumani tu, yaliungana katika shirikisho moja kubwa, ambalo Fritsch alikuwa mmoja wa washauri wake. Kazi ya shirikisho hilo kwa mwaka mmoja tu wa 1920: vijitabu milioni 7.6, vipeperushi milioni 4.7, na stika milioni 7.8 za kubandika ukutani, kwenye mabehewa na kwenye nguzo.

Ng'ambo: Dearborn

Mwishoni mwa 1918 Ford alinunua gazeti dogo la wiki katika mji wake wa Dearborn, jimbo la Michigan. Mhariri wa kwanza, Edwin Pipp, alijiuzulu mwaka 1920 alipoona linapoelekea. Tarehe 22 Mei 1920 likaanza mfululizo wa makala dhidi ya Wayahudi, ukaenda wiki 91 bila kukatika. Mwandishi mkuu alikuwa William Cameron. Ford mwenyewe hakuwa mwandishi. Alitoa fedha, na akaruhusu. Mawakala wa kuuza magari yake walitakiwa kuuza na gazeti pia, kwa hiyo mkulima aliyekwenda kutafuta trekta au gari alirudi na karatasi ya chuki chini ya kwapa.

Msingi wa makala hizo ulikuwa hati iliyoitwa Itifaki za Wazee wa Sayuni, iliyotoka Urusi ya kifalme na kufikishwa kwa watu wa Ford na mkimbizi wa Kirusi, Boris Brasol. Ilijidai kuwa kumbukumbu za kikao cha siri cha Wayahudi cha kupanga kuitawala dunia. Agosti 1921 mwandishi wa The Times wa London, Philip Graves, akiwa Istanbul, alionyesha kwa siku tatu mfululizo kwamba hati hiyo iliibwa, aya kwa aya, kutoka kitabu cha dhihaka cha Mfaransa Maurice Joly cha mwaka 1864. Kitabu hicho kilikuwa kikimsema Napoleon wa Tatu, wala Wayahudi hawamo.

Lakini tayari mwezi Februari 1921, miezi sita kabla, Ford alikuwa amejibu swali hilo kwa njia ambayo ushahidi wa Graves usingeweza kuigusa. Alimwambia mwandishi wa gazeti la New York kwamba kauli pekee anayotaka kuitoa juu ya Itifaki ni kwamba zinalingana na yanayotendeka. Sentensi hiyo isome tena polepole. Haisemi hati ni ya kweli. Inasema dunia ya leo ndiyo inayoithibitisha hati. Ukishakubali hapo, hata ikionekana ni ya kughushi, hasara ni ya nani?

Makala zilikusanywa katika juzuu nne kati ya 1920 na 1922. Ukurasa wa mbele ulisema tu kwamba ni makala zilizotoka kwenye gazeti la Dearborn. Na hazikusajiliwa kwa hakimiliki. Neno hilo dogo la kisheria tutalirudia.

Mambo yalivyofuatana

Mwaka 1921 nyumba ya Fritsch ilianza kutoa tafsiri ya Kijerumani, juzuu ya kwanza kisha ya pili. Ukurasa wa jina ndio wa kutazamwa kwa makini. Wa Marekani ulikuwa umelitaja gazeti. Wa Leipzig uliandika kwamba hiki ni kitabu cha kwanza cha Kimarekani juu ya suala la Wayahudi, na kwamba kimetolewa na Henry Ford. Kazi ya waandishi wasiotia sahihi ikawa, kwa mistari miwili ya wino, ushahidi wa tajiri maarufu kuliko wote duniani.

Leipzig haikuwa mji wa bahati nasibu. Ndio uliokuwa bohari la biashara ya vitabu ya Ujerumani nzima. Wachapishaji wa mikoa mingine waliweka akiba zao huko kwa mawakala, na duka la vitabu la mji mdogo lilipoagiza vitabu vya wachapishaji kumi tofauti, vifurushi vilikusanywa Leipzig na kutumwa pamoja. Kitabu cha Fritsch kilisafiri katika mzigo mmoja na Biblia, riwaya na kamusi.

Desemba 1922 mwandishi wa New York Times alitembelea makao ya Adolf Hitler mjini Munich. Aliandika kwamba picha kubwa ya Ford ilikuwa ukutani na meza imejaa tafsiri za kitabu kile.

Miezi sita kabla ya hapo, tarehe 24 Juni 1922, waziri wa mambo ya nje Walther Rathenau, Myahudi, alipigwa risasi barabarani Berlin akielekea kazini. Washirika wa mauaji walihukumiwa Leipzig kwenyewe, Oktoba mwaka huo. Dereva wa gari la wauaji alieleza mahakamani kwamba Rathenau alikuwa mmoja wa Wazee 300 wa Sayuni, tena amekiri mwenyewe. Kukiri kwenyewe kulikuwa nini? Mwaka 1909 Rathenau aliandika katika gazeti la Vienna, kwa masikitiko, kwamba watu 300 wanaojuana ndio wanaoongoza uchumi wa Ulaya na kuteua warithi wao miongoni mwao. Alikuwa analalamikia matajiri kurithishana vyeo, na Wayahudi hakuwataja. Wenye biashara ya chuki waliichukua ile 300, wakaipachika kwenye Itifaki, wakairudiarudia hadi kijana mmoja akaiamini kiasi cha kuendesha gari la mauaji.

Baada ya mauaji hayo ilipitishwa sheria ya kuilinda Jamhuri, na lile shirikisho la stika milioni nane likapigwa marufuku karibu kote. Nyumba ya uchapishaji ya Nyundo ilibaki wazi. Sheria ilivunja chama, haikugusa ghala la vitabu.

Mwaka 1924 Fritsch alitoa toleo lake mwenyewe la Itifaki, miaka mitatu baada ya Graves kuzifichua. Mei ya mwaka huo aliingia bungeni kwa tiketi ya orodha ya pamoja iliyowakusanya wafuasi wa Hitler, kwa kuwa chama chao kilikuwa kimefungwa baada ya jaribio la mapinduzi la Munich. Hakudumu bungeni hata mwaka.

Marekani nako gazeti la Ford, lililokuwa limetulia tangu Januari 1922, lilianza upya kumshambulia wakili Aaron Sapiro, mwandaaji wa vyama vya ushirika vya wakulima. Sapiro alidai fidia ya dola milioni moja. Kesi ilisikilizwa Detroit Machi 1927. Cameron aliapa kwamba bosi wake hakuyajua yaliyoandikwa. Ford mwenyewe, alipokaribia kuitwa kizimbani, alipata ajali ya gari, kisha kesi ikavunjika kwa sababu mjumbe mmoja wa baraza la wazee wa mahakama alizungumza na mwandishi wa habari. Badala ya kurudi mahakamani Ford aliamua kumaliza mambo. Barua ya kuomba radhi iliandikwa na Louis Marshall, kiongozi wa Wayahudi wa Marekani. Kwa maelezo ya Harry Bennett, msaidizi wa Ford, hata sahihi iliyokuwa chini yake ni yeye Bennett aliyeiweka. Gazeti lilifungwa Desemba 1927.

Mwaka huohuo barua ilitoka Dearborn kwenda Leipzig, ikitaka tafsiri isitishwe.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi mkubwa wa Fritsch ulikuwa ule wa ukurasa wa jina, na sababu yake ni rahisi. Kwa miaka 34 alikuwa akisema maneno yaleyale kwa sauti yake, na Wajerumani wengi walimwona mzee mwenye mkwaruzano wake. Ford alimpa shahidi kutoka nje: mtu asiye Mjerumani, asiye na kinyongo cha kushindwa vita, tajiri aliyefanikiwa kwa kazi ya mikono, kutoka nchi iliyowashinda. Mpiga ramli akitoka kijiji cha mbali husadikiwa zaidi.

Uamuzi wake wa pili ulikuwa kutojibu ushahidi. Alipotoa Itifaki mwaka 1924 hakuhitaji kumshinda Graves kwa hoja. Wateja wake hawakuwa wasomaji wa The Times, na waliosikia habari hizo walikuwa wameshafundishwa kwamba magazeti makubwa yako mikononi mwa Wayahudi. Kila pingamizi liligeuka kuwa dalili.

Ndivyo alivyofanya pia na barua ya 1927. Maelezo aliyowapa wasomaji wake ni kwamba Ford amebanwa na nguvu ya fedha ya Wayahudi. Uone ujanja ulivyo: kitabu kinasema Wayahudi wana nguvu ya kumnyamazisha yeyote, mwandishi ananyamaza, basi kitabu kimesema kweli. Radhi ya Ford ilimwongezea Fritsch sura moja zaidi bila gharama ya uandishi.

Upande wa Ford, uamuzi wa 1927 ulikuwa wa kibiashara na wa kisheria. Alitaka kesi iishe, wateja wa Kiyahudi na marafiki zao warudi kwenye maduka ya magari, na asisimame kizimbani. Kilichofuata baada ya ile barua ya kwenda Leipzig kilikuwa barua tu. Kampuni yake ilikuwa na ofisi Berlin tangu 1925, na mwaka 1931 ilifungua kiwanda Cologne. Kulikuwa na anwani, fedha na mawakili ndani ya nchi ileile. Kesi haikufunguliwa. Na kwa kuwa kazi haikusajiliwa tangu mwanzo, hoja ya hakimiliki ilikuwa imeshalegea kabla ya kuanza. Hoja ya matumizi ya jina bila ridhaa ingeweza kujaribiwa, kwa maoni yangu, kwani jina ndilo lililokuwa juu ya jalada.

Upande wa Wayahudi wa Ujerumani kulikuwa na chama chao kikuu, kilichoanzishwa 1893, chenye mawakili wengi na nyumba yake ya uchapishaji. Kiliamua kupigana kwa njia mbili. Kwanza mahakama: kesi za kashfa, za kutukana dini, za kuchochea fujo. Pili, kilichapa mwongozo wa mfukoni wenye karatasi zilizoachana, zimepangwa kwa herufi, ili msemaji akiulizwa swali mkutanoni atoe karatasi inayohusika na kujibu papo hapo. Tazama umbo lake, kisha ukumbuke katekisimu ya fundi wa vinu. Walisoma mbinu ya adui wakaitengenezea jibu la ukubwa uleule.

Matokeo

Novemba 1930 Hitler alimwandikia Fritsch barua ya kukisifu kitabu chake cha mwongozo, akisema alikisoma kwa makini tangu ujana wake Vienna. Septemba 1933, miezi saba na kidogo baada ya Hitler kushika serikali, Fritsch alifariki karibu na Leipzig. Mwaka 1935 alisimamishiwa mnara wa ukumbusho huko Zehlendorf, Berlin.

Ford, kwa upande wake, alipokea nishani ya heshima ya serikali ya Hitler mjini Detroit, Julai 1938, siku aliyotimiza miaka 75. Kwa aliyekuwa bado anajiuliza kama ile radhi ilitoka moyoni, hapo alipata la kufikiria.

Mei 1946, katika kesi ya viongozi wa Hitler huko Nuremberg, Ujerumani, aliyekuwa kiongozi wa vijana wa Hitler, Baldur von Schirach, alieleza mbele ya majaji alivyoanza kuwachukia Wayahudi. Alisema alikuwa na miaka 17, na kitabu kilichomgeuza yeye na wenzake ni cha Henry Ford. Akaongeza kwamba katika Ujerumani ile ya umaskini vijana walitazama Marekani, na kwao Ford ndiye aliyekuwa Marekani. Alikuwa anajitetea, kwa hiyo ushahidi wake tuupokee kwa tahadhari, maana kumtupia lawama Mmarekani mbele ya majaji wa Marekani kulikuwa na faida yake. Hata hivyo umri na mwaka vinapatana: alizaliwa 1907, na mwaka 1924 kitabu kilikuwa madukani.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Kilichomfaulia mchapishaji, kwanza kabisa, ni kuazima jina ambalo watu walilipenda kwa sababu nyingine. Kijana wa Kijerumani hakumwamini Ford kwa elimu yake juu ya Wayahudi, kwa sababu hakuwa nayo. Alimwamini kwa sababu ya gari. Mwaka 1923 nyumba nyingine ya Leipzig, isiyohusiana na Fritsch, ilitoa tafsiri ya kitabu cha Ford juu ya maisha na kazi yake, nacho kikauzwa kama maandazi ya asubuhi. Mtu alisoma kimoja kwa ajili ya kiwanda, akakiona kingine rafuni chenye jina lilelile. Heshima ya kitabu cha kwanza ilivuka hadi cha pili bila kulipa nauli.

Pili ni umbo. Vitabu vya Fritsch vilimfanya msomaji awe msambazaji. Madondoo yaliyokatwa tayari na vichwa vilivyopangwa ni vitu vya kugawa, na kugawa ndiko kulikovieneza zaidi ya duka. Vikundi vya wasomaji vya kabla ya vita vilikuwa vidogo, lakini viliacha mtandao wa watu waliozoea kupokea kifurushi, kuchukua nakala yao na kupeleka zilizobaki kwa jirani.

Hapa niweke breki. Rahisi kumpa Fritsch sifa asizostahili. Katika uchaguzi wa Mei 1928, vitabu vyake vikiwa vimejaa sokoni kwa miaka saba, chama cha Hitler kilipata asilimia 2.6 ya kura. Septemba 1930, baada ya ajira kuporomoka, kilipata 18.3. Maandishi hayakubadilika katika miaka hiyo miwili. Yaliyobadilika ni matumbo ya watu. Ninachoweza kusema kwa uhakika ni kwamba njaa ilipokuja ilikuta maelezo yameshachapwa, yamefungwa vizuri na yako kwenye rafu.

Uchambuzi: kilichoshindikana

Kazi ya Graves ilikuwa safi kabisa. Aliweka aya za Joly na aya za Itifaki ubavu kwa ubavu. Lakini ilitoka kwa siku tatu katika gazeti, nayo Itifaki ilikuwa kitabu kinachochapwa upya kila kinapoisha. Gazeti la jana hufungiwa samaki. Aliyetaka kumjibu mchapishaji wa vitabu alihitaji kubaki dukani muda uleule, kwa bei ileile.

Mahakama zilitoa hukumu kadhaa nzuri, na karibu zote zilikuja na kasoro ileile: ziliamua kosa dogo la kisheria, wakati umma ulisubiri neno juu ya uongo wenyewe. Kesi inayosifiwa sana ni ya Bern, Uswisi. Mei 1935 hakimu alitamka wazi kwamba Itifaki ni za kughushi na za kuiba. Novemba 1937 mahakama ya rufaa ilitengua adhabu, kwa hoja kwamba sheria iliyotumika ilihusu machapisho machafu ya kimaadili na haikuyafika maandishi ya kisiasa. Waenezaji walitangaza ushindi, ingawa mahakama haikusema kwamba hati ni ya kweli. Ukichagua kifungu kisichofaa, unampa mpinzani kichwa cha habari. Sisi wa Afrika Mashariki tuna mfano ulio karibu wa mahakama iliyochagua njia nyingine. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokuwa Arusha, katika hukumu yake ya Desemba 2003 juu ya wenye vyombo vya habari vya chuki vya Rwanda, mmoja wao mhariri wa gazeti la Kangura, ilishughulika moja kwa moja na yale maandishi na matangazo yaliyochochea mauaji, na ilirejea hukumu ya Nuremberg dhidi ya mchapishaji Julius Streicher. Lakini hiyo ilikuja baada ya makaburi.

Zile karatasi za mfukoni ndizo ninazozionea huruma. Zilikuwa kazi ya akili na ya adabu. Kasoro yake ni kwamba zilipangwa kwa vichwa vya mashtaka ya adui. Msemaji aliyezitumia alilazimika kuanza na tuhuma kila mara, jukwaani, mbele ya watu ambao wengine hawakuwahi kuisikia.

Na radhi ya Ford? Ilikuwa na mambo yote ambayo wanasheria hudai: kukana, kujutia, kuahidi kuondoa. Kilichokosekana ni njia ya kuifikisha kwenye kitu chenyewe. Ilichapwa kwenye magazeti ya Marekani, kwa Kiingereza, huku kitabu kikiwa kwa Kijerumani katika maduka ya vitabu ya Saxony na Bavaria. Msomaji aliyekinunua mwaka 1929 alifungua ukurasa wa kwanza akalikuta jina, pamoja na dibaji ya kumsifu mwenye jina kwa huduma aliyoitolea dunia. Hapakuwa na karatasi yoyote iliyobandikwa hapo kumwambia vinginevyo. Laiti kampuni ya magari ingetumia mtandao wake wa mawakala wa Ujerumani kuisambaza ile radhi, kama ilivyotumia wa Marekani kulisambaza gazeti! Wenye magari walijua kabisa kwamba mnunuzi wa gari huchukua karatasi anayopewa.

Mnara wa Zehlendorf uliyeyushwa mwaka 1943 ili madini yake yatengeneze silaha. Mwaka uliofuata, katikati ya upungufu wa kila kitu, karatasi ilipatikana kwa chapa ya 49 ya kitabu cha mwongozo cha fundi wa vinu.